Nota Zetu Zilitoka Wapi

Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma juu ya waasisi wa kwaya, safari za misheni na sare zilizobadilika kadiri mifuko ilivyoruhusu. Kurasa hizi tumepewa sisi wa kamati ya muziki, tueleze jambo ambalo wageni hutuuliza kila wanapotutembelea hapa Satellite. Mbona waimbaji wenu wameshika karatasi za herufi, na wapiga tarumbeta wameweka mbele yao karatasi za mistari na vitone, na bado mnaanza na kumaliza wimbo pamoja? Jibu fupi ni neema ya Mungu. Jibu refu ni historia ya karatasi: nani alizileta pande hizi, nani alifundishwa kuzisoma, na ni nyimbo za nani zilizopata bahati ya kuandikwa.

Tuanze na herufi, kwa sababu ndizo zilizotulea. Solfa ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu mmoja wa mji wa Norwich, Bi Sarah Glover, alibuni njia ya kufundisha watoto kuimba kwa herufi badala ya nota za mistari mitano. Mchungaji John Curwen, aliyezaliwa 1816 na kufariki 1880, hakuwa mwanamuziki wa kusomea. Mwaka 1841 aliombwa atafute njia rahisi ya kuinua uimbaji katika shule za Jumapili, akaichukua njia ya Bi Glover, akairekebisha na kuieneza. Wafanyakazi wa viwandani waliimba kwayo. Wamisionari nao waliona manufaa yake upesi, na popote walipofungua shule, solfa ilifika pamoja na ubao na chaki.

Pande zetu haikuwa mbali. Wamisionari wa Scotland walihama kutoka Kibwezi mwaka 1898 wakaja upande huu wa Dagoretti na Kikuyu, wakajijenga Thogoto. Mwaka 1926 shule ya Alliance ikafunguliwa Kikuyu. Mwalimu aliyetoka katika shule na vyuo vya misheni alitazamiwa kujua mambo mengi kwa pamoja: hesabu, Biblia, bustani, na pia kusimamisha watoto arobaini wakaimba sauti nne. Ndiyo sababu mpaka leo kwaya nyingi za Kenya zinamwita kiongozi wao "mwalimu", hata kama kazi yake ya siku za wiki ni kuuza vipuri vya magari.

Kuna sababu nyingine iliyoifanya solfa ishinde, nayo ni ya kawaida mno hata watu huisahau. Angalia karatasi ya solfa: d, r, m, f, s, l, t, nukta, nukta mbili, mkato, kistari. Vyote hivyo viko kwenye taipureta. Katibu wa kanisa aliyeweza kupiga barua ya mazishi aliweza kukata stensili ya wimbo, na kufikia jioni kwaya nzima ina nakala. Nota za mistari mitano zilihitaji mchapishaji, au mtu mwenye mkono mtulivu na subira ya Ayubu. Wale wa umri wetu wanakumbuka harufu ya wino wa zile nakala, na vidole vya bluu Jumamosi jioni.

Solfa ina uzuri mwingine: Do haina makao. Juu ya karatasi mtu anaandika "Do ni G", na kama soprano wamechoka siku hiyo mwalimu anaishusha hadi F bila kugusa herufi hata moja. Mwimbaji hasomi mahali sauti ilipo. Anasoma uhusiano wake na sauti zingine, umbali wa mi kutoka do, mvuto wa ti kurudi nyumbani. Kwa koo la binadamu hili latosha kabisa. Kwa tarumbeta halitoshi, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Kilomita chache tu kutoka hapa, katikati ya jiji, kulikuwa na ulimwengu mwingine wa nota. Jiwe la msingi la kanisa kuu la All Saints liliwekwa mwaka 1917. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na katika miaka yake ya mwanzo lilikuwa la Wazungu. Mwaka 1944 ilianzishwa shule ya muziki tunayoijua leo kama Kenya Conservatoire of Music, na mwaka 1952 ukafunguliwa ukumbi wa Kenya National Theatre. Huko watu walisoma mistari mitano, wakafanya mitihani ya kutoka London yenye madaraja nane, wakaagiza nota kwa meli. Ukichora ramani ya Nairobi ya wakati huo kwa kufuata aina ya nota ambayo mtu alifundishwa, utapata karibu ramani ileile ya mahali alipoishi na shule aliyosoma. Hatusemi haya kwa uchungu. Tunasema kwa sababu yanaeleza kwa nini kijana wa Satellite aliyependa violini alilazimika kupanda basi kwenda mjini, ilhali dada yake aliyependa kuimba alijifunza kila kitu chini ya mti nje ya kanisa.

Palikuwa na mlango wa tatu, nao ulikuwa wa tarumbeta. Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka 1921, likaja na bendi. Bendi hizo zilianza kama ajali njema. Mwaka 1878 mjenzi mmoja wa Salisbury, Charles Fry, na wanawe watatu walitoka na ala zao kuwasaidia wahubiri wa barabarani, watu wakakusanyika, na jambo likashika. Kufikia miaka ya 1880 wakuu wa Jeshi walikuwa wanachapisha nota zao wenyewe na kuagiza bendi zao zisipige nyingine. Wengine wanaona amri hiyo ilikuwa kali. Sisi tunaona ilikuwa na busara ndani yake, maana bendi ya mtaa wowote duniani ilijua kwamba karatasi ikifika imepangwa kwa ala ilizonazo, kwa maneno inayoyaamini, na kwa nguvu za mapafu ya watu wa kawaida. Baadaye Jeshi likachapisha hata mfululizo wa bendi ndogo, kwa kujua kwamba bendi kamili ya wapigaji wapatao 25 si jambo la kila kanisa.

Kwa makanisa ya Kipresbiteri mlango huo ulikuwa pia Boys' Brigade, chama kilichoanzishwa Glasgow mwaka 1883 na William Alexander Smith. Nani katika pande za Dagoretti hajawahi kuamshwa Jumapili asubuhi na ngoma za vijana wa Brigade wakiandamana? Wengi wa wapigaji wetu wa kwanza walitoka huko. Waliingia kwaya wakiwa na midomo iliyokomaa na hatua za gwaride, lakini kati yao waliojua kusoma nota walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote walipiga kwa sikio. Na kupiga kwa sikio si dhambi, ila kunataka kila mtu awe amewahi kuusikia wimbo.

Basi hebu tueleze ile Jumapili ya kwanza ambayo kwaya na bendi ziliwekwa pamoja, maana wazee bado wanaicheka. Wimbo ulikuwa mzuri, sauti nne, karatasi inasema "Do ni G". Bendi ikaambiwa ianze G. Mpiga tarumbeta akapiga G yake, mpiga saksafoni akapiga G yake, mpiga tromboni akapiga G yake, na kanisa likasikia Do tatu tofauti kwa mpigo mmoja.

Hakuna aliyekosea, na hili ndilo jambo ambalo washirika wengi hawajawahi kuelezwa. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati. Mpigaji akisoma C kwenye karatasi yake, sikio linasikia B flati. Saksafoni ya alto na honi ya bendi ni za E flati, na wao wakisoma C sikio linasikia E flati. Tromboni ikisoma nota za besi inasema ilichoandikiwa. Kwa hiyo kwaya ikiimba katika G, tarumbeta lazima iandikiwe A, yenye shapu tatu, na saksafoni ya alto iandikiwe E, yenye shapu nne. Kijana wa miaka 14 aliyeanza kupiga mwaka jana akiona shapu nne anajua siku yake imekwisha kabla haijaanza.

Sasa pandisha wimbo uleule nusu hatua tu, uanze A flati. Tarumbeta inasoma B flati, yenye flati mbili. Saksafoni ya alto inasoma F, yenye flati moja. Waimbaji hawatahisi tofauti kubwa, labda soprano watakunja uso kidogo kwenye sauti ya juu kabisa. Lakini kwa bendi ni tofauti ya kupanda mlima na kutembea barabara ya lami. Ndiyo maana bendi za makanisa hupenda nyimbo za flati, F, B flati, E flati, A flati. Ukisikia kwaya na tarumbeta zinakwenda vizuri pamoja, jua kuna mtu aliyekaa kabla ya ibada akaamua Do iwe wapi, na huenda hakushukuriwa.

Hallelujah ya Handel ni mfano mzuri, kwa kuwa kila Krismasi hapakosi kwaya ya Nairobi inayoiimba kutoka solfa iliyonakiliwa mara nyingi hata herufi zimefifia. Handel aliitunga Masihi mwaka 1741, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Aliiweka Hallelujah katika D kwa sababu tarumbeta za zama zake hazikuwa na vali, na zile alizoandikia zilitengenezwa kwa D. Yaani aliwahurumia wapigaji wake. Tarumbeta zetu za B flati, ili kuipiga palepale alipoiweka, lazima zisome E yenye shapu nne. Kilichokuwa huruma mwaka 1741 kimekuwa mzigo huku kwetu. Kwa hiyo bendi ikituletea nota za Hallelujah, swali letu la kwanza si kwamba ni nzuri au mbaya. Tunauliza Do iko wapi, na kama waimbaji watafika nayo.

Kupanga ibada ya bendi na kwaya kulitufundisha kuhesabu watu kabla ya kuhesabu nyimbo. Ukinunua nota za bendi kamili zinakuja na karatasi za klarineti tatu, honi nne, tromboni tatu, na ngoma ambazo hata jina hatuzijui. Ukiwa na wapigaji tisa, ile sauti tamu uliyoisikia kwenye rekodi haitatokea, maana labda ilikuwa kwenye karatasi ya honi ya tatu, na honi ya tatu haipo. Nota njema za bendi ndogo huweka sauti muhimu kwa nota ndogondogo ndani ya karatasi ya ala nyingine, ili asiyekuwepo afunikwe na aliyepo. Nyingine hupangwa kwa sauti nne tu, kila sauti ikiandikwa kwa kila aina ya ala, nawe unagawa kwa ulio nao. Hizo ndizo tunazozitafuta. Na pasipo hizo, wimbo wa sauti nne wenyewe ni bendi tayari: korneti au tarumbeta inachukua soprano, honi inachukua alto, baritoni au tromboni inachukua teno, na ile besi kubwa ya kukumbatia inachukua besi. Tumepiga mazishi mengi kwa njia hiyo na hakuna aliyelalamika.

Mpigaji wa peke yake ana mambo yake. Wengi waliopitia somo la muziki chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, walianza na rekoda, na rekoda ya kawaida hufurahi katika C, F, G na D. Hawa tuliwapa nyimbo hizo bila kuwasumbua na flati. Kwa tarumbeta jambo la kutazama ni juu na pumzi. Wimbo unaokaa juu kwa beti tatu mfululizo utamwangusha kijana kwenye ubeti wa tatu, hata kama Jumamosi aliupiga vizuri, kwa kuwa midomo ni misuli nayo huchoka. Tunatafuta nota zenye mahali pa kupumzika, kinanda kikijibu, kwaya ikivuma kwa midomo iliyofungwa. Na tukitaja kinanda: siku hizi kina kitufe cha kupandisha na kushusha. Mpigaji kinanda anajua kucheza katika C tu, anabonyeza kitufe, na wimbo unakuwa E flati. Ni baraka kubwa kwake. Lakini mpiga tarumbeta akimuuliza, "Ndugu, tuko wapi?" naye akajibu, "C," tumerudi kwenye ile Jumapili ya Do tatu. Kanuni yetu ni kwamba kinachotajwa ni kile kinachosikika, si kile vidole vinachofanya.

Hayo ni ya ufundi. Kuna swali lililo zito zaidi, nalo ni nyimbo zipi zinastahili karatasi. Kwa muda mrefu jibu lilikuja kutoka nje bila kuulizwa. Vitabu tulivyokuwa navyo, kama Tenzi za Rohoni, vilituletea kwa sehemu kubwa nyimbo zilizotafsiriwa, nyingi zikiwa zimepita katika mkusanyiko wa Sankey, ule ulioanza 1873 na hatimaye ukafikia nyimbo 1,200. Tunazipenda, na tutaziimba leo. Lakini mwenye sikio ameona jinsi tuni za Kiingereza zinavyokunja Kiswahili. Lugha yetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, mwo-KO-zi, u-PE-ndo. Tuni nyingi za Kiingereza zinamalizia mstari kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho kabisa, tukajikuta tunaimba mwokoZI na upenDO kana kwamba ni maneno ya lugha nyingine. Tumezoea hata hatusikii. Mtunzi wa kwetu hafanyi hivyo, kwa sababu anaanza na neno.

Na watunzi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuanza. Huko Peramiho, Tanganyika, Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda aliandika oratorio ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Congo, mjini Kamina, Padre Guido Haazen na waimbaji wake walitoa Missa Luba mwaka 1958, na sehemu kubwa yake iliimbwa kwanza bila kuandikwa, karatasi ikafuata baadaye. Mwaka 1990 rekodi ya misa hiyo ilitolewa na kwaya ya hapa Kenya, Muungano National Choir, ikiongozwa na Boniface Mganga. Wengi wetu tulisikiliza kaseti hiyo mpaka utepe ukalegea.

Ila mfano tunaoupenda kuliko yote kila Mkenya anaujua bila kujua kwamba anaujua. Mwaka 1963 nchi ilihitaji wimbo wa taifa. Tume ya wanamuziki watano ikapewa kazi: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Wangeweza kuagiza tuni ya gwaride kutoka Ulaya, kama nchi nyingi zilivyofanya. Wakachagua wimbo wa kumbembeleza mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, wimbo uliokuwa vinywani mwa mama bila karatasi yoyote. Wakaupangia sauti, wakautafutia maneno ya Kiswahili na Kiingereza, ukawekwa mbele ya bendi. Fikiria hatua hizo kwa macho ya kamati ya muziki. Wimbo wa mtu mmoja, wa sauti ya chini, wa giza la nyumba, ukapewa tarumbeta na ngoma bila kupoteza utulivu wake. Usipige haraka, usipige kama gwaride, na bado unamsimamisha kila mtu. Senoga-Zake aliendelea na kazi hiyo ya kukusanya, na mwaka 1986 Uzima Press ya hapa Nairobi ikachapisha kitabu chake juu ya muziki wa asili wa Kenya. Kwetu sisi kazi ile ni ruhusa. Kama mbembelezo wa Tana uliweza kuandikiwa bendi, hakuna wimbo wa mama wa Kawangware, Ngando au Riruta usioweza.

Na nyimbo hizo tunazo. Kwaya hii katika miaka yake 50 imetunga na kurithi nyimbo ambazo hazimo katika kitabu chochote: za harusi, za mkesha, za kuwapokea waliobatizwa, na ule wa kumsindikiza marehemu kutoka nyumbani hadi barabarani. Waliozitunga hawakuandika. Walifundisha kwa mdomo, sauti kwa sauti, na kila sauti ilikuwa na watunzaji wake. Mama mmoja wa sauti ya pili alikuwa ndiye wa mwisho kujua alto kamili ya ule wimbo wa mkesha. Alilala katika Bwana. Siku ya mazishi yake tuliuimba kwa sauti tatu, na mahali pa alto palikuwa kimya. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa kimya hicho kilikuwaje.

Ndipo lilipokuja suala la fedha za nota za Jubilei. Harambee ilileta kiasi kizuri, na mapendekezo yalikuwa mawili. Vijana wa bendi, na tunawaelewa, walitaka tununue kutoka nje nota kamili za kwaya na bendi, zenye jalada zuri na sauti za kishindo, ili siku hii isikike hadi Dagoretti Corner. Wengine walitaka fedha hizo zimlipe mtu anayejua aina zote mbili za nota akae na wazee, asikilize, aandike nyimbo kumi na mbili kwa solfa na kwa mistari mitano, na kila ala iwe na karatasi yake. Mkutano ulichukua jioni tatu. Kijana mmoja wa tromboni alisema jambo ambalo hatukuwa na jibu lake la haraka: kwamba yeye anajifunza kwa nota ngumu, na nyimbo za wazee hazitamfikisha daraja la tano. Ni kweli. Mzee mmoja wa besi akamjibu kwamba nota za nje zitakuwepo dukani mwakani na mwaka utakaofuata, lakini yeye mwenyewe hajui kama atakuwepo.

Tuliamua kuandika. Kwa ajili ya yule kijana na wenzake tulitenga sehemu ndogo ya fedha kwa nota za mazoezi, na zingine tulizipata bure kwa njia halali. Intaneti imefungua hapo mlango ambao wazee wetu wa stensili hawakuuota. Maktaba ya CPDL, iliyoanza 1998, inatoa nota za kwaya, na IMSLP, iliyoanza 2006, ina kazi za watunzi wa zamani kwa maelfu. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nyimbo nyingi za kwaya za Kiswahili, hasa za watunzi Wakatoliki wa Tanzania, na hatuoni haya kuimba za ndugu zetu. Ila tahadhari moja kwa walimu wa kwaya wanaosoma hapa. Kwa sheria ya Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Handel alifariki 1759, hana neno nawe. Lakini aliyeipanga upya Hallelujah kwa ajili ya bendi juzi ana haki juu ya mpangilio wake, na mashine ya fotokopi ya River Road haiondoi haki hiyo. Tukitaka nyimbo zetu kumi na mbili ziheshimiwe, tuheshimu za wengine.

Kazi ya kuandika ilikuwa polepole kuliko tulivyodhani. Wazee hawaimbi wimbo mara mbili sawasawa, na si kwa sababu wamesahau. Kiongozi huinua au kushusha mwisho wa mstari kufuatana na neno, na waitikiaji humfuata. Karatasi inataka uchague moja. Mwandishi wetu aliandika lile lililorudiwa mara nyingi, na pale palipokuwa na njia mbili nzuri aliziweka zote, moja kwa nota kubwa na nyingine kwa nota ndogo juu yake. Ngoma aliiandikia mpigo wa msingi tu, akaacha nafasi, kwa maana mpiga ngoma wetu hatasoma hata ukimlipa. Do zote zimewekwa F, B flati au A flati. Wimbo wa kusindikiza marehemu umepangiwa pia tarumbeta ya peke yake, na utapigwa leo baada ya sala ya kuwakumbuka waliotangulia. Anayeupiga ni msichana wa miaka 15 aliyejifunza katika bendi yetu hii. Kuna mapumziko ya pigo nne kabla ya ubeti wa mwisho. Tafadhali msipige makofi hapo, hajamaliza.

Ile alto ya mkesha nayo imeandikwa. Dada wawili walikumbuka vipande, na mwanamke aliyehamia Kinoo zamani akaja na kaseti ya mkesha mmoja, ikiwa na watoto wanaolia na mbwa anayebweka, lakini alto inasikika. Mnaposikia wimbo wa tano katika ratiba ya leo, ile sauti inayoingia pigo moja baada ya wengine ndiyo yenyewe.

Nakala za nyimbo zote ziko kwenye kabati la kijani katika chumba cha nyuma, solfa upande wa kushoto na za bendi upande wa kulia, zikiwa zimepangwa kwa ala. Kwaya jirani zinakaribishwa kunakili, mradi ziandike jina la kwaya hii na la mtunzi anapojulikana. Wimbo wa saba bado una beti mbili tu, na wazee wanasema zilikuwa tatu. Ukiujua ubeti wa tatu, au mama yako anaujua, mwone katibu baada ya ibada. Atakuwa amekaa karibu na mlango wa upande wa maegesho, akiwa na kalamu na kinasa sauti.